Nusu mkate kwa bunge letu la vijana: wote waingie ama wengine wabaki nje?

Bunge letu la mfano hapa Kisumu limekwama kwa baraza la mawaziri. Viti ni 45, chama kikubwa kina 21, cha pili 15, cha tatu 9, na vile tunafuata mtindo wa Uingereza, waziri anatoka humo bungeni na serikali inataka watu 23 ndio isimame. Sasa kuna wenye wanataka vyama vyote vitatu viingie, na kuna wenye wanasema kikubwa kichukue kile kidogo, 30 zinatosha.

Wa kwanza wanataja 2008, ile vita ya baada ya uchaguzi hapa Kenya, na hiyo hoja ina uzito. Mtu wa Kondele hapa Kisumu ama wa Nakuru hahitaji kuambiwa, watu zaidi ya 1,100 walikufa, na ni ule mkataba wa Rais Kibaki na mpinzani wake Raila wa kugawana serikali, wa Februari 28 mbele ya Kofi Annan, ndio ulituliza nchi, na bila hiyo serikali ya kugawana, ile tuliita nusu mkate, sioni vile tungefika Katiba ya 2010.

Lakini bei yake pia tuiseme. Mawaziri 40! Wizara zilikatwa vipande ndio kila upande upate, hata afya ikawa mbili, Nyong'o wetu akapewa huduma za matibabu na Beth Mugo afya ya umma, mpaka Katiba mpya ikaja kufunga mawaziri wasizidi 22. Na tangu 2024 Mbadi na Wandayi wa ODM, chama kilichokuwa upinzani, waingie serikali ya Ruto, mmoja Hazina mwingine kawi, hapa mtaani bado tunabishana upinzani ni nani.

Kwetu hakuna damu imemwagika, kwa hivyo ile sababu ya 2008 haipo, mimi nasema hao 15 wabaki nje na wapewe kamati ya hesabu za umma, maanake wote wakiwa ndani nani ataulizia pesa?

Shida ya hiyo njia naiona. Hao 9 wakitoka siku moja, 21 haitoshi, serikali imeanguka, na wanajua, ndio maana wanadai wizara ya Fedha. Wapewe tu, lakini wakae kwanza waandike bajeti wanakubaliana nini, kipengele kwa kipengele, spika aweke nakala, halafu ndio majina ya mawaziri yasomwe.