Jiwe la Kigoma, Chembe za Tabora?

Fundi wa Kigoma anayepasua jiwe jekundu la mchanga kwa ajili ya msingi wa nyumba hana haja ya kujua mchanga ule ulitoka wapi. Mjiolojia anayo, na njia yake ya siku nyingi ni kuhesabu. Jiwe hukatwa na kusagwa hadi libaki na unene wa milimita 0.03, mwanga upenye, kisha chini ya hadubini huhesabiwa chembe 300 au zaidi: kwatzi (madini magumu yasiyooza kirahisi) ngapi, feldspa (madini yanayooza upesi zaidi) ngapi, vipande vya miamba vingapi. Mwaka 1979 wanajiolojia Dickinson na Suczek walionyesha kwamba uwiano wa vitu hivyo vitatu hufuata chimbuko, liwe bara kongwe lililotulia, milima iliyokunjamana au volkano.

Kwetu hoja hiyo inavutia. Tabora imekalia matale, yaani miamba ya graniti, yenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5, na matale yakioza hutoa kwatzi, feldspa na ulanga. Jiwe lenye feldspa nyingi ambayo haijaoza linatuambia matale hayakuwa mbali.

Kasheshe ni jiwe lililojaa kwatzi tupu. Joto na mvua hugeuza feldspa kuwa udongo wa mfinyanzi. Nyingine huyeyuka humo humo jiweni baada ya kufukiwa. Au mchanga ulimomonyoka kutoka jiwe jingine la mchanga, ukachujwa mara ya pili. Hadubini inaona kwatzi ile ile. Mto Malagarasi, unaopokea maji ya Ugalla kutoka upande wa Tabora, una vinamasi vinavyonasa mchanga njiani, kwa hiyo hata ramani ya mto haitoshi kuapia.

Ndipo watu hukimbilia zirkoni, fuwele ndogo zilizomo mchangani, kwa kuwa urani iliyomo hugeuka kuwa madini ya risasi kwa kasi inayojulikana, nusu yake kwa miaka bilioni 4.47. Umri unapatikana, lakini ni wa siku fuwele ilipozaliwa. Zirkoni ni sugu. Hupita mawe mawili matatu bila kubadili umri wake. Na mashine ya kupima umri huo ni ghali mno.

Mimi ningeanza na hesabu ya chembe, na jibu la "kwatzi tupu" nisingelipokea kama jibu. Kisha ningetazama umbo la zirkoni zenyewe: yenye kingo kali huenda ndiyo kwanza imetoka kwenye matale, iliyoviringika kama punje ya mtama, ningeishuku.