Kompyuta Haitibu Meza Inayocheza

Ukisema una mashine ya kusaga hapa Mtwara, mtu anakuletea makopa yake. Yangu inasaga chuma. Ni ndogo, inakaa juu ya benchi, na kwa miaka minne niliiendesha kwa kuzungusha magurudumu ya mkono huku jasho likiniingia machoni. Mwaka jana nikaifunga mota na kompyuta. Tangu hapo vijana wanapita karakanani kuniuliza waanze kununua nini, na jibu langu linawaudhi.

Wanataka niwatajie mota, dereva (kifaa kinachoipa mota umeme wake) na bodi inayotoa amri za kompyuta. Mimi nawaambia: dayo geji, kile kipimo cha sindano cha kupimia msogeo mdogo.

Kosa nililifanya mwenyewe. Mota nilizifunga kwenye skrubu zilezile za kiwandani, zinazosogeza meza inayobeba kazi. Kazi ya kwanza ilikuwa tundu la kukalia beringi, kwa ajili ya mashine ya kubangulia korosho, na msimu ulikuwa mlangoni. Tundu likatoka na vikwaruzo vinne, kimoja kila robo ya duara, pale hasa meza inapogeuza mwelekeo. Siku mbili nzima nikailaumu programu. Siku ya tatu nikaweka dayo geji mezani, nikazungusha skrubu mbele, kisha nyuma. Skrubu inazunguka, sindano imetulia tu! Robo milimita nzima ya mchezo.

Sasa piga hesabu. Mota ya hatua inayosogea nyuzi 1.8 kila hatua ina hatua 200 kwa mzunguko. Dereva yangu inaigawa kila hatua mara nane, zinakuwa 1,600. Skrubu inasogeza meza milimita 2 kwa mzunguko, kwa hiyo milimita moja ni hatua 800. Kwa robo milimita, hatua 200 zinaliwa na hewa kila meza inapogeuka, na bodi haina habari. Imeagiza, inaamini imetiiwa.

Ulipokuwa unazungusha kwa mkono ugonjwa huu ulikuwa unaufunika bila kujijua. Fundi akipitiliza alama hurudi nyuma zaidi, kisha akaijia tena kwa upande uleule.

Wapo wanaosema programu inaweza kufidia. Kweli, Mach3 na LinuxCNC, programu za kuendeshea mashine kama hizi, zote zina sehemu ya kuandika kipimo cha mchezo, na kwa kutoboa matundu inasaidia. Lakini kisu kikiivuta meza katikati ya chuma, hakuna namba ya kuishika. Meza inaruka, kisu kinavunjika. Mimi vimenivunjikia vitatu.

Dawa ni skrubu za gololi, ambazo nati yake hutembea juu ya gololi karibu bila mchezo, na ndizo zilizoniumiza mfukoni kuliko kitu kingine chochote. Nazo zina visirani vyao. Hazijizuii kama zile za kawaida: zima umeme, kichwa cha mashine kinaweza kushuka chenyewe hadi juu ya kazi yako. Mimi nimekifunga uzito wa kukivuta juu. Halafu chumvi ya bahari yetu haina huruma. Grisi si jambo la kukumbuka Jumamosi tu.

Na umeme. Niliweka UPS, betri ya akiba, kwenye kompyuta na bodi, nikajiona mjanja. Umeme ukakatika kisu kikiwa ndani ya chuma: mota ya kisu ikasimama, meza ikaendelea kusukuma kwa nguvu ya UPS. Hicho ndicho kisu cha tatu. Sasa nimeweka relei, swichi inayojiendesha kwa umeme, inayoamuru meza isimame pale umeme wa kisu unapopotea. Ni kifaa kidogo kabisa, na ningekifunga kabla ya UPS yenyewe.

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mikindani alikuja na picha ya mota alizotaka kuagiza Dar. Nikamwazima dayo geji. Jioni akapiga simu, sauti imepoa: “Fundi, inasoma sifuri nukta nne. Hizo mota nisubiri kwanza?”

Nikamwambia asubiri.