Windows 10 imefika mwisho: Linux inazifaa ofisi zipi Uganda?

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa bure masasisho ya usalama ya Windows 10, mfumo uliotoka Julai 2015. Watu binafsi waliruhusiwa kujiandikisha kwa mwaka mmoja wa nyongeza, hadi 13 Oktoba 2026. Windows 11 nayo inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama), Secure Boot (ulinzi wa hatua ya kuwaka) na, kwa mashine za Intel, prosesa ya kizazi cha nane au zaidi. Ukipita kwenye maduka ya kompyuta zilizotumika katikati ya Kampala utaelewa uzito wa sharti hilo: HP EliteBook 840 G3, Dell Latitude E6430, ThinkPad T450. Ni mashine madhubuti, na hakuna hata moja kati yake inayokubaliwa rasmi na Windows 11.

Kwa hiyo mjadala wa Linux ya mezani, mfumo huria unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, umeamka tena, na safari hii una sababu nzito. Duniani bado ni mfumo wa wachache, lakini Februari 2024 takwimu za StatCounter zilionyesha umevuka asilimia 4 ya kompyuta za mezani na laptopu kwa mara ya kwanza. Michezo imechangia: Steam Deck, kompyuta ya mkononi ya michezo ya kampuni ya Valve iliyoingia sokoni Februari 2022, inaendeshwa na Linux, na kazi iliyofanyika ili ichezeshe michezo ya Windows imewanufaisha watumiaji wote. Serikali nazo zinasogea. Jimbo la Schleswig-Holstein, Ujerumani, liliamua mwaka 2024 kuhamisha kompyuta zipatazo 30,000 za watumishi wake kwenda Linux. Ila Ujerumani hiyohiyo ndiyo yenye Munich, mji uliohangaika miaka kumi kuhamisha kompyuta 15,000 hivi, ukamaliza mwaka 2013, kisha mwaka 2017 baraza lake likapiga kura kurudi Windows. Kila upande wa mjadala hupenda kutaja nusu yake tu ya habari hiyo.

Hapa Uganda wapenzi wa Linux hutanguliza hoja ya bei, nayo ndiyo dhaifu kuliko zote. Mnunuzi wa kawaida hajawahi kulipia Windows. Laptopu hutoka dukani ikiwa na Windows na Office zilizoamshwa kwa programu ya kuvunja leseni, na fundi huziweka upya kwa malipo madogo. Ukimwambia mtu huyo kwamba Linux ni ya bure, hujampa kitu asichokuwa nacho. Cha kumwambia ni kwamba programu nyingi za kuvunja leseni humtaka azime kinga ya virusi kwanza, kisha huingia kwenye mfumo zikiwa na mamlaka yote. Kompyuta ya namna hiyo ikishika fedha za SACCO au rekodi za wagonjwa, ni hatari ya wazi. Na kwa shirika linalokaguliwa na wafadhili, au shule inayopokea msaada, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006 si karatasi tu. Hao ndio ambao kwao leseni huria ina thamani ya fedha kweli.

Swali la maana zaidi ni hili: kazi ya ofisi inafanyika wapi? Ikiwa inafanyika ndani ya kivinjari, Linux inafaa leo, bila kusubiri. Karani wa kituo cha afya anayejaza ripoti za mwezi kwenye DHIS2, mfumo huria wa takwimu za afya ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumiwa na Wizara yetu ya Afya, hahitaji Windows hata kidogo. Vivyo hivyo barua pepe, mikutano ya Zoom na Microsoft 365 ya mtandaoni. Mashine ya kizazi cha sita yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD ya GB 240 hufanya kazi hizo kwa wepesi chini ya Linux Mint 22, toleo la Linux litakalopata masasisho hadi 2029. Yenye GB 4 iwekewe mwonekano mwepesi wa Xfce badala ya Cinnamon, na mtumiaji aelewe kwamba kinachomaliza RAM ni kurasa nyingi za Chrome zilizoachwa wazi. Mfumo wenyewe hula kidogo. Diski ya zamani inayozunguka itolewe. Hakuna mfumo wowote utakaoifanya iwe ya haraka.

Kuweka mfumo si kazi ngumu, ila kuna mahali ambapo watu hukwama kila mara. Faili la kuwekea Mint lina takriban GB 2.8, la Ubuntu 24.04, toleo jingine la Linux, karibu GB 6, kwa hiyo anayelipia data kwa kifurushi aangalie hilo kabla ya kuchagua. Lipakue mara moja, hakiki sha256sum (namba ya kuthibitisha kwamba faili halikuharibika), kisha liandike kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus au Ventoy. Flashi bandia ni janga: imeandikwa GB 64, ndani ina GB 8, na uwekaji hukatika katikati kwa kosa la kusoma faili. Programu ya f3probe huumbua flashi ya aina hiyo kwa dakika chache. Washa kompyuta kwa flashi (F9 kwa HP, F12 kwa Dell na ThinkPad) na usibonyeze kitufe cha kuweka mfumo bado. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera, kufunga kifuniko na kufungua, na printa. Diski isipoonekana, ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) ubadilishe hali ya diski kutoka RAID kwenda AHCI. Ikiwa Windows iko kwenye diski hiyo na unataka kuibakiza, iandae kwanza ianze katika hali ya AHCI, kwani ukibadilisha ghafla itakataa kuwaka.

Wi-Fi zenye chipu za Broadcom zina fumbo lake: draiva, yaani programu inayoendesha kifaa, inatakiwa ipakuliwe mtandaoni, na mtandao hakuna kwa kuwa draiva haipo. Unganisha simu ya Android kwa waya wa USB, washa kugawa intaneti kwa USB, na kompyuta itaiona kama mtandao wa waya. Kisha fungua Driver Manager. Secure Boot ikiwa imewashwa, mfumo utakuomba uweke neno la siri, na ukiwasha upya utaona skrini ya bluu yenye maneno Enroll MOK, yaani kusajili ufunguo wa draiva. Wengi huipita haraka, halafu wanalaumu draiva. Chagua Enroll, andika lile neno la siri, na Wi-Fi itaamka.

Kuweka mifumo miwili kwenye diski moja huonekana kama njia salama ya mpito, lakini kwa ofisi siipendekezi. Windows yenye Fast Startup haizimiki kabisa, hivyo Linux huiona sehemu yake ya diski kama ya kusoma tu, na mtumiaji anashangaa kwa nini faili halihifadhiki. Agosti 2024 sasisho la usalama la Windows liliwazuia watu wengi kuwasha Linux kwenye kompyuta za mifumo miwili. Kilichoonekana ni ujumbe wa kosa la SBAT tu. Rekebisho kamili lilikuja mwaka uliofuata. Ofisi isiyo na fundi wake haiwezi kungoja hivyo.

Sasa printa, kwa sababu hapa ndipo uhamaji mwingi hufia. Chukua HP LaserJet P1102, printa iliyoenea sana katika ofisi ndogo. Mint inaitambua mara moja, jina lake linatokea, kazi inapelekwa, foleni inasema imekamilika, na karatasi haitoki. Printa haina ubovu wowote: inahitaji kipande cha programu kisicho huria ambacho HP hairuhusu kisambazwe pamoja na mfumo. Fungua terminali (dirisha la kuandika amri), andika hp-plugin, kubali masharti, kisha hp-setup. Itachapa. Lakini toleo la kipande hicho lazima lilingane na toleo la HPLIP, programu ya printa za HP, lililopo, kwa hiyo siku HPLIP inaposasishwa printa inaweza kunyamaza tena, na dawa ni kurudia hp-plugin ile ile. Asiyejua hilo ataapa kwamba Linux imeharibu printa yake. Canon LBP2900 ni ngumu zaidi, maana draiva yake ya CAPT ni ya zamani na hudai maktaba za biti 32. Epson EcoTank kwa kawaida hazisumbui. Kifurushi cha printer-driver-escpr kinatosha. Anayenunua printa mpya atafute yenye AirPrint, kwa kuwa hizo Linux huchapisha bila draiva yoyote.

Faili za Office hufunguka katika LibreOffice, programu huria ya ofisi, ila mpangilio huhama. Chanzo mara nyingi ni fonti. Calibri na Cambria hazimo, hivyo mistari inarefuka na barua ya ukurasa mmoja inamwagikia wa pili. Weka fonts-crosextra-carlito na fonts-crosextra-caladea, ambazo herufi zake zina vipimo vilevile, pamoja na ttf-mscorefonts-installer kwa ajili ya Times New Roman na Arial. Tatizo hilo linakwisha. Lisilokwisha ni makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili. Fomu za marejesho ya kodi za URA, mamlaka ya mapato, zilizotengenezwa kwa Excel, zile za kubofya ili zihakikiwe na kutoa faili la kupakia mtandaoni, zinategemea makro ambazo LibreOffice haiziendeshi sawasawa. Programu za uhasibu za Tally na QuickBooks ya mezani hazina toleo la Linux. Kuziendesha kwa Wine, programu ya kuendeshea programu za Windows ndani ya Linux, inawezekana siku fulani na kushindikana siku nyingine, na mhasibu mwenye tarehe ya mwisho ya kodi asifanyiwe majaribio. Huyo abaki Windows, yenye leseni halali.

Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, nako nisingemshauri mwenye karakana kuhama. Wateja huleta kazi za CorelDRAW na Photoshop. Inkscape, programu huria ya kuchora, hufungua faili za cdr za CorelDRAW kwa sehemu tu, na rangi za CMYK za uchapishaji bado ni udhaifu wake mkubwa. GIMP 3.0 ya kuhariri picha, iliyotoka Machi 2025, imesogea mbele, lakini tofauti ndogo ya rangi kwenye kalenda elfu tano ni hasara ya karatasi na wino.

Kuhusu umeme, Linux ina sifa na udhaifu. Mfumo wa faili wa ext4 hustahimili kuzimika ghafla vizuri. Hatari iko umeme unapokatika katikati ya masasisho. Vifurushi vya programu hubaki nusu, na kila ukijaribu kuweka kitu unakataliwa. Amri ni sudo dpkg --configure -a, ikifuatwa na sudo apt -f install. Kama ni kerneli (kiini cha mfumo) iliyokatizwa na kompyuta haiwaki, chagua kerneli ya zamani kwenye Advanced options za GRUB, menyu ya kuwashia, ingia, kisha endesha sudo update-initramfs -u -k all. Ni dakika kumi kwa anayejua, na kompyuta iliyokufa kwa asiyejua. Kwa kompyuta za mezani zisizo na UPS, zima masasisho ya kujiendesha na uyafanye mwenyewe umeme ukiwa imara.

Tofauti hiyo kati ya anayejua na asiyejua ndiyo naiona kuwa kiini cha suala zima. Chuo Kikuu cha Uganda Martyrs pale Nkozi kilihamia programu huria katika miaka ya 2000, na kilichosumbua sana ni mazoea ya watumiaji. Arua au Kasese utapata fundi wa Windows mtaa wowote; wa Linux utampigia simu Kampala. Na mafundi hawajifunzi kwa sababu wateja hawaombi. Shule zingeweza kuvunja mzunguko huo, lakini ICT ya kidato cha tano na sita, somo la S850, ina mtihani wa vitendo ambao walimu wengi huufundisha kwa Word, Excel, Access na Publisher. Writer na Calc za LibreOffice zinabeba sehemu kubwa ya kazi hizo. Base yake ni dhaifu kuliko Access na inahitaji Java iwepo. Mwalimu hatahatarisha alama za wanafunzi wake, na ana haki. Hata hivyo, hakuna kinachomzuia kutumia maabara ya Linux kwa madarasa ya chini na kuwaachia watahiniwa kompyuta chache za Windows.

Polisi wa kijeshi wa Ufaransa, Gendarmerie, wameonyesha mpangilio unaowezekana. Walianza na OpenOffice mwaka 2005, wakafuata na Firefox na Thunderbird, zote juu ya Windows waliyoizoea watu, na Ubuntu ikaja mwaka 2008. Ofisi ya watu kumi hapa kwetu inaweza kufuata hatua hizohizo kwa miezi sita: LibreOffice na Firefox kwanza kwenye Windows iliyopo, kila faili linalogoma liandikwe kwenye orodha, kila printa ijaribiwe kwa flashi. Kisha zihame kompyuta za mapokezi na za makarani wa kivinjari. Kompyuta ya mhasibu ibaki ilivyo, na bajeti ya leseni iende kwake. Mtu mmoja wa ofisi hiyo alipiwe mafunzo ya kutosha kujua hp-plugin, dpkg, Timeshift (ya kurudisha mfumo ulivyokuwa) na kuwasha kerneli ya zamani. Asipopatikana mtu huyo, ofisi isihame kwanza.