Sydney: Ghorofa Kando ya Reli na Hofu Zisizolingana Uzito

Reli ya upande wa kaskazini wa Sydney ina umri wa zaidi ya miaka 130, lakini abiria anayeshuka Killara au Roseville bado anakuta, hatua chache kutoka stesheni, nyumba za familia moja moja zenye bustani pana na miti mirefu. Kuanzia Mei 2024 serikali ya jimbo la New South Wales iliagiza kwamba ndani ya mita 400 kutoka stesheni kadhaa, zikiwemo hizo mbili, ruhusa itolewe ya kujenga majengo ya takriban ghorofa sita. Halmashauri ya Ku-ring-gai, yenye mamlaka katika eneo hilo, iliipinga serikali mahakamani.

Hoja ya serikali ina mashiko. Kwa miaka mingi Sydney imepanuka kuelekea magharibi, katika vitongoji kama Marsden Park ambako nyumba zilijengwa bila reli kufika, hivyo familia haina budi kumiliki gari, mara nyingi mawili. Huko magharibi ndiko pia kwenye joto kali zaidi: tarehe 4 Januari 2020 Penrith ilifikia nyuzi 48.9. Wakati huohuo fedha nyingi za umma zimewekwa katika reli, ikiwemo metro inayopita chini ya bandari, iliyofunguliwa Agosti 2024, na ni vigumu kueleza kwa nini matunda yake yawe ya wachache waliowahi kununua viwanja karibu nayo.

Wapinzani wanataja miti, nyumba za kihistoria, shule zilizojaa na mabomba ya majitaka. Hoja ya miti naiheshimu, maana kivuli katika jiji hilo ni suala la afya, lakini haiwezi kupimwa Killara peke yake: nyumba isiyojengwa kando ya stesheni hujengwa pembezoni mwa jiji, juu ya mashamba na mapori yaliyosalia. Nyumba za kihistoria zinaweza kulindwa bila kuufunga mtaa mzima. Halmashauri yenyewe ililionyesha hilo ilipoandaa mpango mbadala unaoelekeza majengo marefu zaidi kwenye vituo vya biashara, kama Gordon na Lindfield, ili kuyanusuru maeneo ya urithi. Kwangu mimi, jimbo lilikuwa na haki ya kulazimisha nyumba zipatikane, lakini duara la mita 400 lililochorwa kwa kipimo kimoja kila mahali ni chombo butu, na wanaoijua mitaa yao wangeweza kulichora vizuri zaidi tangu mwanzo.

Hofu ninayoiona nzito kuliko zote inahusu ubora wa majengo. Mkesha wa Krismasi wa 2018, wakazi wa Opal Tower, jengo jipya la ghorofa 36, waliondolewa baada ya nyufa kutokea. Juni 2019 ikawa zamu ya Mascot Towers, ambako wamiliki wa fleti 132 waliambiwa watoke, na wengi wao waliendelea kulipa mikopo ya nyumba wasizoweza kulala ndani yake. Sheria za 2020 ziliwapa wakaguzi uwezo wa kuzuia jengo lenye kasoro kubwa lisihamiwe, na hayo ni maendeleo ya kweli. Hata hivyo, mnunuzi wa kawaida hana namna ya kujua kilichomo ndani ya zege, hivyo ukaguzi huo lazima ukue sambamba na idadi ya majengo yanayoruhusiwa.

Udhaifu mwingine uko kwenye bei. Utaratibu huo wa mita 400 ulianza kwa kudai asilimia 2 tu ya makazi ya gharama nafuu, yaani fleti mbili katika kila mia moja, ilhali thamani ya kiwanja hupanda mara tu ruhusa ya ghorofa sita inapotolewa, kabla hata tofali moja halijawekwa. Ongezeko hilo la thamani limetokana na uamuzi wa umma na reli ya umma, na sehemu yake kubwa zaidi ingepaswa kuwarudia wauguzi, walimu na madereva wanaoliendesha jiji kila siku wakitokea mbali.