Mtunza Tiketi

Shangazi hakunielewa kabisa. Kila nikimwambia naenda Ulaya, anauliza, "Kwa nani?" Namjibu siendi kwa mtu, naenda kutembea tu, na begi langu mgongoni. Ananyamaza kidogo, kisha: "Sawa mwanangu, lakini utafikia kwa nani?" Ubalozini nako waliuliza hivyohivyo, ila wao wakataka na taarifa ya benki, na bima ya matibabu ya euro 30,000. Shangazi yeye alitaka jina tu.

Nilifikia kwa watu waliokuwa wanatafuta mtu wa tano.

Iko hivi. Jimbo la Bavaria, kule Ujerumani, lina tiketi ya siku nzima, Bayern-Ticket, ambayo moja inabeba hadi watu watano kwenye treni za mikoani. Mkiwa watano, mchango wa kila mmoja unakuwa mdogo, mtu unasafiri huku unachekelea. Ukiwa peke yako unalipa huku roho inauma. Ndiyo maana asubuhi kwenye hosteli za Munich utaona watu ambao jana hata salamu hawakupeana leo wanatazamana kwa upendo. Wanaosifia kusafiri peke yako hupenda kusema kunakukutanisha na walimwengu. Kweli kunakukutanisha, lakini mshenga ni nauli.

Walimwengu wangu walikuwa wanne: Mbrazili mwenye sauti ya mnadani, Mkorea aliyepiga picha kila alichokula, Mwaustralia aliyevaa kandambili hata kwenye baridi, na dada mmoja wa Kipolandi aliyekuwa ndiye mwenye akili katika kundi. Usiku uliopita walikunywa bia hadi wakaimbiana nyimbo za taifa. Mimi, mtoto wa Tanga, nilikesha nao kwa chai. Basi asubuhi nikateuliwa mtunza hazina bila kura kupigwa. Tiketi, yenye majina yetu yote matano kwa kalamu kama sheria inavyotaka, ikaingia kwenye kifuko alichonishonea shangazi, kinachoning'inia shingoni ndani ya shati. Nikakabidhiwa na mfuko wa chakula: mayai ya kuchemsha, jibini, mkate, na zile pretzel zao zilizosokotwa.

Tulikuwa tunaenda Tegernsee, mji wenye ziwa chini ya milima, mwendo wa kama saa moja kusini. Siku za kazi tiketi ile haianzi kufanya kazi mpaka saa 3 asubuhi, kwa hiyo mabahili wote wa Bavaria hupanda treni ileile baada ya saa 3. Treni za upande huo nazo zinaondokea kwenye majukwaa ya pembeni kabisa, namba 27 na kuendelea, unatembea mpaka unahisi Austria unaenda kwa miguu. Mimi nikawaambia wenzangu tangulieni, napitia msalani. Msalani pale stesheni unalipia, na haja iliyolipiwa haikimbizwi.

Nilipotoka, kengele za milango zinalia. Nikatimua mbio, mayai yanagongana mfukoni, nikarukia mlango wa kwanza niliouona. Treni ikaondoka. Nikashukuru, nikatoa simu.

"Uko wapi?" wameandika.

"Ndani ya treni."

"Na sisi tuko ndani ya treni. Njoo huku mbele."

"Nakuja."

Nikatembea mpaka mwisho wa behewa nikakuta mlango umefungwa, nyuma yake ni kibanda cha dereva. Dereva katikati ya treni! Nikaona hawa watu wana madereva wengi, nchi tajiri hii. Nikawaandikia tutaonana Tegernsee, nikakaa mkabala na bibi mmoja aliyekuwa na fimbo za kupandia milima na mbwa chini ya kiti.

Tukafika stesheni inayoitwa Holzkirchen. Treni ikasimama, ikasimama tena. Nachungulia dirishani naona, kwa macho yangu haya, nusu ya treni yetu inaondoka. Inakwenda zake. Sisi tumebaki.

"Imekatika!" Nilisimama nikapiga kelele, kwa Kiswahili, maana hofu haina muda wa kutafuta lugha. "Jamani, treni imekatika!"

Hakuna aliyeinua kichwa. Mzee mmoja akafunua ukurasa wa gazeti. Kwetu kichwa kikiondoka mabehewa yakabaki, watu wazima wanaruka madirishani. Hapa hata mbwa alipiga mwayo.

Yule bibi akanivuta mkono nikae. Kiingereza hana, Kijerumani sina. Akaangalia mfuko wangu, akachomoa pretzel moja, akaivunja vipande vitatu akavipanga mapajani. Akaonyesha cha kwanza: "Lenggries." Cha pili: "Tegernsee." Cha tatu: "Bayrischzell." Kumbe zilikuwa treni tatu zimeshikana mkia, kila moja na kwao. Akanigusa kifuani, akanyanyua kile kipande cha Bayrischzell, akakila. Lenggries akapewa mbwa. Tegernsee nikala mwenyewe kwa uchungu.

Wakati huohuo akatokea mkaguzi. Nikatoa kifuko, nikampa tiketi. Akasoma majina matano, akanitazama, akatazama kushoto na kulia, akainama akaangalia chini ya kiti. Akamkuta mbwa.

"Wengine?" akauliza kwa Kiingereza.

"Tegernsee."

"Na tiketi yao?"

"Hiyo."

Alicheka mpaka akafuta machozi, akanirudishia. Hapo ndipo akili ilipofanya kazi: wale wanne hawana tiketi! Nikaandika haraka: "Tiketi ninayo mimi. Mkaguzi yupo. Faini ni euro 60 kila kichwa." Ujumbe ukaenda, kisha mtandao ukakata kwenye vilima.

Bibi alishuka Miesbach, akinielekeza kwa fimbo kwamba nami nishuke nirudi nilikotoka. Nilitaka sana kumtii, ila milango ilifungwa nikiwa bado nakusanya mayai. Nikasema nitashuka mbele. Tukafika Schliersee, nako kuna ziwa, na kabla sijajipanga treni ikaanza kurudi kinyumenyume! Alhamdulillahi. Nikaona dereva kanihurumia, ananirudisha. Nikajilaza kwenye kiti, nikamenya yai.

Sasa, mtu aliyejenga ile reli ndiye wa kulaumiwa. Pale Schliersee reli inaishia stesheni, treni lazima igeuze mwelekeo ndipo iendelee. Mimi namenya yai la pili, milima inazidi kunikaribia badala ya kunikimbia. La tatu, naona ng'ombe wenye kengele shingoni. Mwishowe treni ikasimama moja kwa moja, na dereva akapita na begi lake, akanitazama kama mtu anayemwona mgeni sebuleni saa 6 usiku. Bayrischzell. Mbele ni mlima Wendelstein, mita 1,838, na reli imekwisha.

Nikasubiri treni ya kurudi. Kwa upweke, nikala na jibini.

Nilifika Tegernsee mchana umeshakwenda. Niliwakuta wamekaa kando ya ziwa, wamenuna, Mbrazili mwenyewe kimya. Dada wa Kipolandi ndiye aliyenisimulia. Baada ya ujumbe wangu waliingia msalani wote wanne, kile choo kikubwa cha wenye viti vya magurudumu, wakabonyeza kitufe cha kufunga. Baada ya Schaftlach mtu akaanza kugonga. Mkaguzi huyo! Wakabana pumzi. Akagonga, akaita, akagonga tena, Moosrain ikapita, Gmund ikapita, anagonga. Tegernsee mlango ulipofunguka wakatoka mmojammoja mikono juu, na Mwaustralia kandambili moja. Nje alisimama baba mmoja mnene wa kaptula ya ngozi, uso mwekundu, magoti yamebanana. Hakuwa mkaguzi. Hakuwa na neno na mtu. Aliwapita wote akaingia.

"Chakula kiko wapi?" Mkorea akauliza, kamera tayari.

Nikatoa yai lililobaki. Akalipiga picha.

Jioni wakati wa kurudi hawakutaka mchezo. Mbrazili alinishika mkanda wa begi, dada wa Kipolandi akakaa na kifuko changu shingoni mwake, tukajipanga viti vya pamoja, behewa lilelile, watano kamili. Akaja abiria wa mwisho, mnene, kaptula ya ngozi. Akatuona. Akasimama kidogo akitazama sura za wale wanne, moja baada ya nyingine, kisha akatupa kofia yake kwenye kiti kilichokuwa wazi, akakimbilia msalani, treni haijaondoka hata.