Kijiti Kikavu, Mimi Nimelowa

Pikipiki yenyewe niliinunua ikiwa ndani ya maboksi manne na ndoo moja. Muuzaji aliniapia kwamba kila kitu kimo. Hakudanganya. Kila kitu kilikuwemo, pamoja na vitu ambavyo havijawahi kupanda pikipiki. Ndani ya ndoo nilikuta bawaba ya mlango, nusu ya mkasi, na chuma kimoja kizuri cha kung'aa ambacho nilikisugua na kukipaka mafuta siku mbili nzima nikitafuta mahali pake kwenye injini. Siku ya tatu mke wangu alipita, akakitazama, akasema, "Hicho ni cha cherehani."

Ilikuwa Yamaha XT500 ya mwaka 1978. Kwa asiyeijua, hii ni pikipiki ya njia mbovu, silinda moja tu ya sentimita za ujazo 499, na haina stata ya umeme. Kuiwasha ni kati ya mguu wako na Mungu wako. Mfaransa Cyril Neveu aliipanda XT500 akashinda mbio za kwanza kabisa za Paris–Dakar, zilizoondoka Paris Desemba 26, 1978 na kufika Dakar Januari 14, 1979. Habari hiyo niliisimulia nyumbani asubuhi, mchana na jioni, hadi siku moja mwanangu akaniuliza kwa adabu zote, "Baba, huyo Neveu alishinda kwa hii iliyo kwenye ndoo?"

Ukweli ni kwamba pikipiki ya umri ule haina vipuri vilivyochakaa. Ina vipuri vichache vilivyosahau kuchakaa. Mipira yote ilikuwa imegeuka mifupa. Ule unaoshikilia kabureta niliukunja kidogo tu niutazame ndani, ukakatika kama ukoko. Spoku za gurudumu la mbele, lile refu la inchi 21, zilikuwa zimefungishwa ndoa na nati zake na kutu, na talaka ikabidi itolewe na msumeno. Taa ya mbele niliinunua mpya, nikafurahi, nikaifunga. Kumbe mimi nimenunua glopu ya volti 12 na pikipiki ni ya volti 6. Ikawaka kama kimulimuli mwenye usingizi.

Silinda nayo ilikuwa na mikwaruzo inayonasa ukucha. Niliibeba mbiombio kwa fundi wa mashine aichonge. Akaigeuza, akaipiga tochi, akaniuliza, "Pistoni iko wapi?" Nikamwambia nitainunua silinda ikishachongwa. Yule bwana alinirudishia silinda yangu taratibu, kwa mikono miwili, kama unavyomrudishia mtoto kikapu alichotumwa nacho bila pesa. Nilikuja kuelewa baadaye. Pistoni kubwa zaidi huuzwa kwa saizi zinazopanda robo milimita kwa robo milimita, mpaka milimita moja, na silinda huchongwa kuifuata pistoni iliyopo mkononi. Iliyopo kichwani mwa mteja haipimiki.

Basi nikaingia shule ya namba. Namba za vipuri vingi vya Yamaha huanza na tarakimu na herufi za modeli ambayo kipuri kilibuniwa kwayo, na ya kwangu ni 1E6. Mke wangu anasema nilikuwa naitaja usingizini. Nilijifunza pia kwamba XT500 ina ndugu wa barabara ya lami, SR500, na ndani ya injini zao kuna vitu vingi wanavyoazimana. Vingi, siyo vyote. Mimi niliagiza kabureta ya SR500 kwa imani kwamba ndugu hawabaguani. Ilipofika nikajua kuwa ukoo mnaweza kufanana pua na viatu msivaliane.

Lakini vipuri viwili ndivyo vilivyoninyima raha: mkono wa kiki, yaani ule unaokanyagwa kuwasha injini, na kofia ya oili.

Mkono wa kiki wa kwangu meno yake ya ndani yalikuwa yameisha. Ukikanyaga, unateleza kwenye shafti bila kuizungusha, na mguu unashuka na uzito wako wote hadi chini. Muundi wangu wa kulia una alama kwa ajili hiyo. Nilinunua mwingine kwa kuona picha, "meno mazima kabisa." Picha ile ilipigwa na mtu mwenye kipaji, maana ubovu wote ulikaa upande wa pili. Ikabidi niagize tena, na safari hii nikaomba picha ya kila upande, hata upande ambao mkono wa kiki hauna.

Kofia ya oili ni hadithi yake. XT500 haihifadhi oili chini ya injini kama pikipiki nyingi. Oili yake, lita mbili na kitu, inakaa ndani ya mabomba ya fremu. Pampu inaishusha kwenye injini, na inayodondoka chini inavutwa tena kurudishwa juu. Tundu la kujazia liko juu, karibu na shingo ya usukani, na kofia yake ina kijiti cha kupimia. Pikipiki yangu ilikuja na gunzi pale. Nilihangaika miezi. Ya kwanza niliyoletewa ilikuwa kofia iliyovunjika kijiti. Ya pili ilikuwa kijiti kilichovunjika kofia. Ya tatu ndiyo ilikuwa nzima, ikawa inakuja posta pamoja na mkono wa kiki.

Nilipokuwa nasubiri, nikaona nisikae bure. Injini ilikuwa imeshafungwa. Nikamimina lita mbili kwenye fremu, nikaizungusha injini kwa spana ili oili itembee, nikaziba tundu kwa gunzi lile lile, nikafunika turubai. Wiki tano zikapita.

Siku kifurushi kilipofika nilikifungua nimesimama. Kofia nzima! Kijiti kimenyooka! Nikakifuta, nikakitumbukiza, nikakitoa.

Kikavu.

Nikakifuta tena, kana kwamba kosa ni la kitambaa. Nikakitumbukiza. Kikavu kama ulimi wa mgonjwa. Nikapiga magoti nikaikagua sakafu. Hakuna tone. Nikapitisha kiganja chini ya injini, nikachungulia kwa tochi, nikanusa. Hakuna. Lita mbili za oili zimeondoka nyumbani kwangu bila kuaga.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo bado linatajwa pale nyumbani. Nilimwita mwanangu.

"Cheni ya baiskeli yako umeipaka oili?"

"Ndiyo, Baba."

"Ya wapi?"

"Ile ya kwenye kikopo ulichonipa."

"Kikopo. Na hizi lita mbili?"

Mtoto alinitazama, akaitazama baiskeli yake, akanitazama tena. Alikuwa anapiga hesabu: cheni ingehitaji kuwa na urefu gani. Nikamwambia aende, ila nimemweka kwenye orodha.

Nikachukua lita mbili mpya. Wakati naimimina, mzee jirani yetu alikuwa ameketi upande wa pili wa uzio akisoma gazeti. Mzee huyu ametengeneza pikipiki maisha yake yote kabla ya kustaafu, na ningeweza kumuuliza jambo lolote tangu siku ya ndoo. Sikuuliza kwa sababu siku ya kwanza nilikuwa nimemhutubia juu ya Paris–Dakar kwa nusu saa, na baada ya hotuba kama ile ni vigumu kurudi na swali.

Mzee akashusha gazeti. "Umeipima ya moto au ya baridi?"

Nikacheka. Oili haipo, itakuwaje ya moto? Nikadhani ni utani wa wazee. Akapandisha gazeti.

Nikamimina mpaka kijiti kikalowa hadi kwenye alama ya juu. Kipuri changu nilichokitafuta kwa miezi kilikuwa kinafanya kazi.

Sasa kiki. XT500 haipigwi kiki kwa hasira. Kuna wenzo mdogo kwenye mshikio wa kushoto unaofungua valvu ya moshi ili mgandamizo upungue, na kwenye kichwa cha injini kuna kijidirisha cha kioo. Unabana wenzo, unasukuma kiki polepole, na alama ikitokea kwenye kijidirisha unajua pistoni imepita kileleni kidogo. Unaachia wenzo, unarudisha kiki juu, kisha unakanyaga mpaka mwisho bila kugusa mafuta. Ukikosea, pistoni inarudi nyuma, na mkono wa kiki unarudi nayo, na wewe uko juu yake.

Nilikosea mara moja. Nilipanda juu kiasi cha kuona gazeti la mzee limeandika nini.

Nikaona pia kwamba kiki ni nzito kuliko nilivyotarajia. Nzito, ya kusukuma kama unakanyaga tope. Nikafurahi kweli! Pistoni mpya, ringi mpya, mgandamizo wa nguvu. Nikamwita mke wangu aje ashuhudie. Akaja, akasimama karibu na kamba ya nguo, ambapo mashuka meupe manne yalikuwa yanapepea.

Kiki ya nne ikashika. Du, du, du, du. Ule mdundo wa silinda moja kubwa unausikia kwenye mbavu kabla ya masikio. Machozi yalinilenga, sioni haya kusema.

Nilikuwa nimeambiwa kwamba injini mpya ya aina hii ikishawaka, unafungua kofia ya oili uchungulie kama oili inarudi kwenye fremu. Nami nikafungua kofia, nikainamisha uso nikachungulia. Kwa sekunde kadhaa palikuwa pametulia, oili imejaa, inametameta, naona paji langu la uso mle ndani. Kisha pakatoka kama kikohozi.

Kilichofuata sikukiona, maana kilinipata machoni. Oili ilipanda kama imefunguliwa bomba. Ilinijaa puani, kifuani, ikaingia kwenye shati na kutokea chini. Pampu inayorudisha oili juu huvuta nyingi kuliko ile inayoishusha, ndivyo zinavyoundwa. Sasa ilikuwa na lita mbili za kurudisha kwenye fremu iliyokwisha kujaa. Iliyokosa njia pale juu ikapitia kwenye mpira wa kupumulia hadi kwenye boksi la chujio la hewa, injini ikainywa, na ekzosi ikaanza kutoa moshi mzito, mweupe wenye buluu, uliotembea kwa utulivu moja kwa moja hadi kwenye mashuka.

"Zima!" alipaza mke wangu kutoka ndani ya wingu.

Kuzima. Swichi ya kuzimia ilikuwa bado iko posta. Na cheche za XT500 hazitoki kwenye betri, zinatoka kwenye sumaku ya injini yenyewe. Inazimwa kwa waya mmoja kugusishwa kwenye chuma cha bodi. Waya ule nilikuwa nimeufunga utepe kwa uangalifu mkubwa usije ukagusa chuma. Nikapapasa plagi nikiwa sioni, mikono imelowa oili, nikaishika kofia yake niing'oe. Nilipigwa shoti ya kunivusha hadi upande wa pili wa pikipiki. Nikarudi. Sijui kwa nini nilirudi. Nikapigwa ya pili.

Nikasikia geti likifunguliwa, na nyayo za mtu asiye na haraka. Mzee alinyoosha vidole viwili, akaubana ule wenzo wa kwenye mshikio. Injini ikahema mara moja, ikanyamaza.

Akaisikiliza kidogo ilivyopoa. "Inalia vizuri," akasema.

Alinieleza huku nikijipangusa kwa shuka lililokuwa limeshaharibika. Kwenye njia ya oili kuna kigololi kidogo na springi yake, kazi yao ni kuzuia oili isishuke pikipiki ikiwa imesimama. Kikichakaa, oili inateremka kidogo kidogo hadi tumboni mwa injini, na kwa wiki tano inateremka yote. Ndiyo maana hupimwa injini ikishawaka na kupata moto, oili ikiwa imerudi juu. Kijiti changu hakikudanganya. Nilikiuliza kisichokijua. Vipuri vyote nilivyovitafuta duniani, na kile cha ukubwa wa punje ndicho sikukikagua.

Tukaweka beseni chini ya injini, tukafungua boliti ya kumwagia. Oili ikatoka. Ikaendelea kutoka. Mwanangu alikuja akachuchumaa kando ya beseni, mikono magotini, akaitazama inavyojaa mpaka ikafika ukingoni.

"Baba," akasema, "ile niliyoiba imerudi."

Kigololi na springi vilipatikana kwa wiki moja. Niliomba msamaha kwa watu watatu kwa mpangilio alioutoa mke wangu, mtoto akiwa wa kwanza. Mashuka mawili tuliyaokoa kuwa vitambaa vya gereji. Pikipiki inatembea, kijiti nakipima kwa injini ya moto, na siku hizi nikishika tu chupa ya oili, kabla sijafika hata kwenye turubai, nasikia vibanio vinadondoka kwenye beseni kimoja kimoja. Nguo zinaanuliwa.