Saa moja na ndovu yatima: ni uchoyo?

Wanaotoka kituo cha Sheldrick cha kulea ndovu yatima, ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, hulalamika vilevile: umeweka nafasi mapema, umelipa, na saa sita mchana unaambiwa muda umekwisha. Umma huingia saa tano, basi. Wengine wanataka hata saa hiyo ifutwe, kwamba mnyama wa kurudishwa porini hana haja ya kutazamwa.

Anayeona uchoyo aanze na maziwa. Ndama wa ndovu hawezi mafuta ya maziwa ya ng'ombe. Huharisha, na kuhara humuua upesi. Daphne Sheldrick, aliyeanzisha kituo hiki, alihangaika miaka mingi hadi akafikia maziwa ya unga ya watoto wachanga yaliyotiwa mafuta ya nazi. Chupa hutolewa kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, na mlezi hulala bandani na ndama.

Lakini kila usiku walezi hupokezana mabanda, na sababu ni Aisha. Mwaka 1974, kule Tsavo, Daphne alimlea ndama huyo karibu peke yake. Aliposafiri wiki mbili kwa harusi ya binti yake, Aisha akagoma kula, akafa. Maziwa yalikuwepo, mtu wake hakuwepo. Tangu hapo yatima hulelewa na kundi la walezi, asishikamane na mmoja.

Sasa fikiria wageni wangeruhusiwa kumpapasa kutwa. Angejifunza kwamba kila binadamu ni rafiki mwenye chupa. Akikaribia miaka mitatu huhamishiwa Voi, Ithumba au msitu wa Kibwezi, ambako huzoeshwa pori taratibu kwa miaka. Dume wa tani kadhaa akimfuata mkulima shambani kwa mazoea hayo, mmoja wao atakufa. Ndiyo maana kuna kamba. Kaa nyuma yake, usimwite ndama, usimnyooshee kitu; akija mwenyewe, msikilize mlezi.

Wanaotaka ziara zifutwe wana hoja: Machi 2020 milango ilifungwa kwa sababu ya korona, na ulezi ukaendelea. Hata hivyo, ukame wa 2022 uliua ndovu 205 nchini kati ya Februari na Oktoba, na kila jike anayenyonyesha akifa huenda akaacha ndama. Kuwalea hawa kwahitaji pesa, na kwahitaji Wakenya wanaowajali.

Hapo ndipo lawama moja inaposimama. Saa tano asubuhi, nafasi za mtandaoni, ada na gari la kufika: mtoto wa shule ya umma ya Kibera, mbuga iko karibu, lakini hafiki. Reteti, kituo kingine cha ndovu yatima huko Samburu, kilichofunguliwa 2016 na kumilikiwa na jamii ya Namunyak, hununua maziwa ya mbuzi kwa akina mama wa pale. Ndovu yatima anaingiza riziki nyumbani kwao. Nairobi ingeweza kutenga sehemu ya nafasi za kila wiki kwa shule za umma, bila malipo, ndani ya saa ileile na nyuma ya kamba ileile.